Sanduku la Malolo na sanduku la utani

Malolo, Kilosa

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hajambo, bibi yako anaendelea vizuri, na vitunguu vya mwanzo vimeanza kung'olewa huku bondeni, kwa hiyo ukiona simu yangu haipokelewi ujue nipo shambani. Ujumbe wako nimeusoma, na majedwali ya majaribio uliyoambatisha nimeyafungua yote. Umeuliza jambo zito kwa maneno machache: je, makala za Wikipedia ya Kiswahili kuhusu haki, uhuru, ujamaa na utani zipewe sanduku la habari pembeni, kama zilivyo makala za kata, za wanyama na za watu mashuhuri? Ninyi vijana wa kikundi chenu cha wahariri mmeshaandaa kigezo kimoja cha dhana zote, chenye Picha, Aina, Asili, Mwanzilishi, Kipindi na Mahali, na unataka baraka zangu kabla hamjaanza kukibandika. Jibu langu ni hapana. Nalileta kwa barua ndefu ili ukisimama mbele ya wenzako usiishie kusema kwamba mjomba kakataa.

Kwanza nikuondoe wasiwasi: sanduku lenyewe silipingi, nalipenda. Makala za kata zetu zimetengenezwa kwa muundo mmoja, na sanduku lake huonyesha nchi, mkoa, wilaya na idadi ya wakazi. Mtu aliyeko Mwanza akitafuta Malolo, kwa kutupa jicho mara moja anajua kwamba hii ni ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, wala si kile kisiwa cha Malolo cha Fiji. Akitaka kuilinganisha na kata ya Mikumi, anakuta mambo yale yale yamepangwa vile vile. Na nyuma ya kila mstari kuna mwenye dhamana. Idadi ya wakazi ina Ofisi ya Taifa ya Takwimu na sensa ya Agosti 2022. Mipaka ya kata ina serikali iliyoitangaza. Ukibisha, una mlango wa kugonga.

Hata wanyama wa hifadhi ya Mikumi ni hivyo hivyo. Fungua makala ya simba uone lile sanduku la uainishaji: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Jina lake la kisayansi linarudi kwa Linnaeus, mwaka 1758, na wataalamu wa wanyama dunia nzima wana kanuni walizokubaliana za kutoa majina na kuyarekebisha. Wakigombana, wanagombana ndani ya kanuni hizo. Msomaji anayesoma sanduku la simba anasoma matokeo ya kazi iliyofanywa na kukaguliwa mahali pengine. Sanduku limeibeba tu.

Wewe umekulia kwenye vitunguu, kwa hiyo huna haja ya kuelezwa uzuri wa kipimo kinachofanana. Unaijua lumbesa. Unajua mnunuzi anavyokuja na gunia lililoshonewa kilemba juu, akalipia gunia moja na kuondoka na moja na zaidi, na unajua kwa nini sheria ya vipimo inakataza. Mkulima asiye na mzani ndiye anayeumia. Sanduku la kata ni mzani wa aina hiyo, na ninawashukuru wote waliokaa usiku na mchana kuyajaza masanduku hayo kwa kata zaidi ya elfu tatu za nchi hii. Ila mzani unapima kitunguu kwa sababu kitunguu kina uzito.

Sasa njoo kwenye utani, kwa kuwa ndio mfano ulionipa na ndio ninaoujua kwa karibu.

Ulikuwapo kwenye msiba wa babu yako mdogo, ila ulikuwa bado mtoto, labda hukuona yote. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, mtani wetu alishuka ndani, akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema mahali pale pamemfaa na marehemu atafutiwe pengine. Waliobeba jeneza walisimama nalo mabegani. Shangazi yako, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajanyamaza kulia, akaangua kicheko na machozi yakiwa bado usoni. Wazee wakajipapasa mifukoni, wakachanga, mtani akahesabu zile hela akiwa kule kule chini, akasema hazitoshi, wakaongeza. Alipotoka akashika jembe na kufukia kuliko sisi wenye msiba. Jioni, watu walipokaa, ni yeye aliyesimama akawaambia wanangu na binamu zako wengine habari ya madeni ya marehemu na ugomvi wa lile shamba la mtoni, kwa maneno makali ambayo ndugu wa damu asingeweza kuyatamka bila kuvunja ukoo. Hakuna aliyemkasirikia. Asingeyasema, tungemshangaa.

Haya, chukua kigezo chenu tukijaze. Aina: tuandike nini? Desturi ya mazishi? Basi tumeacha utani wa kila siku, wa njiani na wa sokoni, usio na maiti wala kaburi. Mzaha? Yule mtu alifanya kazi tatu siku ile, na mzaha ulikuwa moja tu. Uhusiano wa makabila? Mtani wetu wa siku ile alikuwa mtani wa ukoo.

Asili ndiyo ngumu zaidi. Wahehe na Wangoni watakuambia ni vita: walipigana vikali karne ya 19, na baada ya damu kumwagika ukaja utani. Wanyamwezi na watu wa pwani watakuambia ni safari: wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwenda baharini walihitaji kupokewa, kulishwa na kuzikwa wakiwa ugenini. Ukienda kwa Wakaguru, hapa hapa kaskazini mwetu, utani unakaa ndani ya kabila lenyewe, kati ya koo na koo, na unashikamana na ndoa, kifo na kutakasa nyumba ya marehemu. Mtaalamu wa Kimarekani, T. O. Beidelman, aliyeishi na Wakaguru na kuwaandika kwa miaka mingi, alichapisha makala kuhusu utani wao mwaka 1966, na humo utaona jinsi jambo hilo lilivyo na kina. Kabla yake R. E. Moreau alikusanya habari za utani wa makabila mengi ya Tanganyika na kuzichapa mwaka 1944. Naye Radcliffe-Brown, mwaka 1940, alitoa maelezo ya jumla: watu walioungana na wakati huo huo kutengana wanahitaji njia ya kuishi pamoja bila kugombana, na matusi yasiyokasirisha ndiyo njia hiyo. Huko Mali wana sanankuya, inayofanana na yetu kwa mengi, na hakuna msafara wa pembe uliounganisha Kilosa na Mali.

Kwenye maandishi ya makala, hayo yote yanakaa pamoja bila taabu. Unaandika kwamba wengine wanasema hivi, wengine vile, Beidelman aliona hili, wazee wa Kilosa wanasimulia lile. Msomaji anaona mjadala ulipo na anajua nani kasema nini. Kwenye sanduku, mbele ya neno Asili kuna nafasi ya maneno matatu. Utachagua. Ukishaandika «vita vya makabila», maelezo mengine yote yamekufa, na aliyeyaua haonekani, kwa sababu sanduku halisemi «kwa maoni ya fulani». Linasema kwa sauti ile ile iliyotumika kusema kwamba Malolo iko wilaya ya Kilosa.

Unaweza kuniambia kwamba tutajaza vile vipengele visivyo na ubishi tu. Nimejaribu kwenye majedwali yako, mpwa wangu, na hiki ndicho nilichokiona: vipengele visivyo na ubishi havisemi kitu. Umeandika «Aina: dhana» kwenye haki, kwenye uhuru, kwenye upendo na kwenye utani. Ni kweli, ila nani alifungua makala ya haki akidhani ni mto? Na vile vinavyosema kitu vinachukua upande. Sijaona kipengele hata kimoja katika kigezo chenu ambacho kwa dhana kinakwepa yote mawili.

Wenzako watakutajia ujamaa, maana huo una mwenyewe na una tarehe. Mwanzilishi: Julius Nyerere. Kipindi: kuanzia 1967 hadi... hapo kalamu inakwama. Nyerere aliandika kijitabu chake kuhusu ujamaa mwaka 1962, miaka mitano kabla ya Azimio la Arusha. Na mwisho je? Ni 1985 alipong'atuka urais? Ni 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokaa Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi? Au haujaisha, kwa kuwa Katiba ya 1977, ibara ya 3, mpaka leo inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kijamaa, na ibara ya 9 inaiagiza serikali kuujenga? Kila mwaka utakaouandika ni hukumu ya kisiasa. Tena kuna wazee ambao ujamaa kwao ni ile miaka ya 1973 hadi 1976, waliponyanyuliwa na kupelekwa vijijini, na wapo ambao kwao ni shule ya kwanza waliyoingiza mtoto. Wote wawili wana haki ya kuwamo kwenye makala. Kwenye sanduku hawaingii hata mmoja.

Tofautisha, tafadhali, ujamaa na Azimio lenyewe. Azimio ni hati. Lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Lina mahali, lina chama, lina tarehe, lina lugha. Hilo lipe sanduku leo leo, nami nitakusaidia kulijaza. Vivyo hivyo uhuru: Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961 ni tukio, unastahili sanduku lake, na wa Kenya wa tarehe 12 Desemba 1963 unastahili lake. Lakini nimeona kwenye jedwali lako la uhuru, ile dhana yenyewe, kuna mtu kaandika Kipindi: 1961. Sidhani kama alikusudia kusema kwamba kabla ya hapo hakuna binadamu aliyewahi kuwa huru. Alikuta nafasi tupu akaijaza. Nafasi tupu ndani ya sanduku haikai tupu muda mrefu, na kwenye Wikipedia yetu yenye wahariri wachache, kinachojazwa vibaya kinaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Na picha ya haki! Mmeweka yule mwanamke mwenye mizani, upanga na kitambaa machoni. Asili yake ni Justitia wa Warumi, na kitambaa kiliongezwa Ulaya karne nyingi baadaye. Katika makala, chini ya kichwa kinachoeleza jinsi watu wa Ulaya walivyoichora haki, picha hiyo ina mahali pake pazuri. Ikikaa juu kabisa kama sura ya haki, mnamwambia mtoto wa Malolo kwamba haki ina sura moja na imetoka Roma, wakati babu yake ameamua mashauri ya mipaka ya mashamba chini ya mti maisha yake yote, akiwa amefumbua macho na akimjua kila aliyekaa mbele yake. Sisemi babu yuko sahihi kuliko Warumi. Nasema makala ya haki ndipo mahali pa kuwaweka wawili hao wasikilizwe.

Sasa nikueleze kinachoniuma hasa, maana hapa nazungumza kama mwalimu. Nimefundisha historia na uraia mpaka nikastaafu. Azimio la Arusha lina sehemu ndefu inayojenga hoja hatua kwa hatua: kwamba fedha sio msingi wa maendeleo, kwamba misaada na mikopo inaweza kutupokonya uhuru wetu, kwamba mikopo hiyo mara nyingi hujenga mijini ilhali anayeilipa ni mkulima kwa mazao anayouza nje. Hiyo ni hoja ya mkulima wa vitunguu na mpunga wa Malolo. Anaweza kuibishia, anaweza kuikubali, ila inamhusu kama mvua inavyomhusu. Mwishoni mwa hoja hiyo kuna vitu vinne vinavyohitajika ili tuendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora.

Waulize watu wazima wa umri wangu. Vile vinne watakutajia usingizini. Tulivifundisha kwa sababu vinahesabika na mtihani unavipenda: taja vitu vinne, alama nne. Hoja iliyovizaa wameisahau, na wengi hawakuwahi kuisikia. Nimekaa na watu wenye akili nzuri kabisa wanaotaja «siasa safi» na hawawezi kukuambia ilikuwa safi ya namna gani, wala Azimio lilikuwa linabishana na nani. Muhtasari ulitakiwa uwe mlango wa kuingilia, ukageuka kuwa nyumba nzima. Na vile vinne viliandikwa na mtu aliyeijua hoja yake. Sanduku la dhana litaandikwa na yeyote mwenye simu na dakika tano.

Najua utakavyonijibu, kwa kuwa umeshaanza kunijibu kwenye ujumbe wako. Unasema wasomaji wetu wengi wanatumia simu ndogo na bando la kuunga, hawana muda wa aya kumi, kwa hiyo tuwape sanduku. Hoja hii ninaiheshimu kuliko zote, kwa sababu ni ya watu wetu. Lakini hebu mfikirie huyo msomaji. Kwenye simu, sanduku linakaa juu kabisa au mara baada ya aya ya kwanza. Kama atasoma kitu kimoja tu kabla bando halijakata, unataka kiwe «Aina: dhana, Mahali: Tanzania», au kiwe sentensi mbili zilizoandikwa na mtu aliyefikiri? Makala nyingi za kwetu bado ni mbegu, yaani fupi sana, na sanduku linaweza kuwa refu kuliko makala yenyewe. Huyo msomaji maskini wa bando ndiye anayestahili aya ya kwanza bora kuliko wote. Nguvu yenu ipelekeni hapo.

Unasema pia kwamba mashine zinasoma masanduku, kwamba tangu Wikidata ianze mwaka 2012 taarifa zinatoka lugha moja kwenda nyingine, na Kiswahili kisipojaza kitaachwa nyuma. Ni kweli zinasafiri, na hilo ndilo linaloniogopesha. Sentensi ikisafiri, inasafiri na «huenda» yake na «kwa mujibu wa» yake. Kipengele kinasafiri peke yake. «Asili ya utani: vita» ikishatoka kwenye ukurasa wetu, kesho mtoto wa shule ataiuliza simu yake na simu itamjibu hivyo hivyo bila kusitasita, na hapo utamtafuta nani umrekebishe?

Na wasikutishe kwamba Wikipedia kubwa zinalazimisha. Ile ya Kiingereza haina kanuni inayolazimisha sanduku wala inayolikataza. Wahariri wa kila makala ndio wanaokubaliana. Walibishana juu ya hilo mpaka mwaka 2013 shauri likafika kwenye kamati yao ya usuluhishi, na hawakutoka na amri ya sanduku kwa kila kitu.

Hivyo basi, fanyeni hivi. Vitu vyenye kipimo kilichokubaliwa vipeni sanduku hata kama havishikiki kwa mkono: mita, kilo, shilingi, namba, sheria yenye mwaka na namba yake. Hati, matukio na taasisi pia. Haki, uhuru, utu, utani, ujamaa, upendo na jamaa zao waacheni bila sanduku. Mkitaka pembeni pasiwe peupe, wekeni picha yenye maelezo yanayosema ilipigwa wapi na inaonyesha nini, bila kuifanya sura ya dhana nzima. Mnaweza pia kuweka orodha ya makala zinazohusiana chini ya ukurasa. Hiyo inamwelekeza msomaji pa kwenda, haimwambii ameshafika.

Kigezo chenu msikifute kimya kimya. Kipelekeni kwenye ukurasa wa majadiliano, mweleze mlichotaka kufanya na kwa nini mnasita, ili atakayekuja mwakani na wazo hilo hilo akute mazungumzo tayari. Wewe binafsi anza na makala ya utani. Aya ya kwanza iandike mara nyingi utakavyo, ila isizidi sentensi tatu, na unitumie. Nitaisoma kwa sauti mbele ya mtani wetu yule yule, bado yupo na bado ana maneno, pamoja na wazee wawili wa Kisagara ninaowaheshimu. Watakachokataa nitakuandikia, na sababu zao. Ila kumbuka Wikipedia haipokei neno la mzee mpaka liwe limechapishwa mahali, kwa hiyo tafuta makala ya Beidelman na ya Moreau kwenye maktaba ya chuo chenu, uone wapi zinakubaliana na wazee wetu na wapi hazikubaliani. Usipozipata mapema niambie, nina mwanafunzi wangu wa zamani Dar es Salaam anayeweza kuulizia.

Mama yako anauliza kama zile hela za kodi ya chumba zilifika. Mjibu yeye moja kwa moja.

Mjomba wako